Nusu saa ya asubuhi na saa mbili za usiku: mgeni wa hoteli ya Disney anapata nini hasa

SWALI: Tunaishi Columbus, Ohio. Mwezi wa saba tunataka kwenda kwa gari Walt Disney World, Florida, mimi na mume wangu, watoto wetu wa miaka 6 na 11, pamoja na mama mkwe ambaye atakuwa amekuja kututembelea kutoka Tanga. Nimesoma kwamba ukilala kwenye hoteli za Disney unaongezewa muda ndani ya bustani zao za burudani. Rafiki yangu anasisitiza tulipie hoteli ya daraja la juu kabisa ili tupate na saa za usiku. Huu muda wa ziada unafanyaje kazi? Ni wa bure kweli? Na je, tofauti ya bei inalipa?

JIBU: Dada yangu, kwanza mfikishie mama mkwe shikamoo yangu. Nianze na jibu lenyewe: laleni ndani ya Disney, ndiyo, lakini msipande daraja kwa ajili ya saa za usiku. Kwa familia yenye mtoto wa miaka 6 na bibi aliyetoka safari ndefu, asubuhi ndiyo itakayowafaa, na asubuhi hutolewa sawasawa kwa hoteli ya bei nafuu na hoteli ya bei ya juu. Kwa nini nasema hivyo, hilo linahitaji maelezo.

Muda wa ziada uko wa aina mbili, na matangazo ya hoteli huuzungumzia kwa pamoja hadi msomaji anadhani ni kitu kimoja. Wa kwanza ni wa asubuhi, ambao kwenye programu ya simu utauona kwa jina la Early Theme Park Entry. Kila siku, katika bustani zote nne, yaani Magic Kingdom, EPCOT, Hollywood Studios na Animal Kingdom, mgeni wa hoteli yoyote ya Disney huanza nusu saa kabla ya umma. Wa pili ni wa usiku, Extended Evening Hours: saa mbili baada ya bustani kufungwa, kwa usiku maalumu tu, na kwa wageni wa hoteli za daraja la juu peke yao.

Yote mawili hayana malipo ya pembeni, ila hayachukui nafasi ya tiketi. Kila mwenye umri wa miaka 3 na kuendelea lazima awe na tiketi ya siku hiyo mkononi. Na hapo kwenye bajeti yako angalia jambo moja: bei ya mtoto huishia miaka 9, kwa hiyo huyo wa miaka 11 atahesabiwa mtu mzima.

Sasa tuingie kwenye nusu saa ya asubuhi, maana hapa ndipo watu wengi wanapoipoteza haki yao bila kujua. Wanasoma "nusu saa kabla", wanapiga hesabu kwamba bustani inafunguliwa saa 3:00, basi wao wakifika saa 2:30 wamewahi. Hawajawahi. Chukua mfano wa mchezo unaobeba watu 1,200 kwa saa. Ndani ya nusu saa unabeba 600. Ukifika saa 2:30 ukakuta wenzako 600 wameshapanga foleni, nusu saa yako yote itaishia palepale, na utakaposhuka milango itakuwa imefunguliwa kwa kila mtu. Faida ya nusu saa hii haipo kwenye zile dakika 30. Ipo kwenye nafasi yako katika foleni zinapoanza kuhesabiwa. Aliye miongoni mwa watu mia wa mwanzo atapanda mchezo mkubwa, atashuka, atapanda wa pili, na pengine wa tatu kabla umati haujafika. Aliyechelewa dakika 20 atapanda mmoja, tena baada ya kusubiri.

Kwa hiyo kama bustani inafunguliwa rasmi saa 3:00 asubuhi, nawataka muwe langoni saa 1:45, saa 2:00 ikizidi sana. Malango hufunguliwa mapema kuliko michezo. Pale Magic Kingdom mtapita langoni, mtapanda ile barabara ya maduka mpaka karibu na kasri, na hapo ndipo watu wanapotenganishwa. Wafanyakazi huwa wamesimama na mashine za kuskani. Unagusisha mkanda wako wa mkononi au kadi yako ya tiketi, mashine inakutambua kuwa ni mgeni wa hoteli, unapita. Asiye mgeni wa hoteli huombwa asubiri kwenye uwanja ulio mbele ya kasri hadi saa ya kawaida. Hakuna cheti cha kuonyesha wala barua ya hoteli. Kila kitu kiko kwenye akaunti yako, na mwishoni nitakueleza namna ya kuhakikisha imekaa sawa.

Jambo jingine ambalo halitangazwi kwa sauti kubwa ni kwamba si kila mchezo unafunguliwa katika nusu saa hiyo. Magic Kingdom hufungua upande wa Fantasyland na Tomorrowland tu. Ukikimbilia Adventureland saa 2:30 utakuta kamba. Kwa watoto wako ningeanza na Seven Dwarfs Mine Train, ile treni ya vibete saba iliyofunguliwa mwaka 2014, ambayo foleni yake mchana wa Julai inachosha hata kuitazama. Kisha moja kwa moja Peter Pan's Flight. Utashangaa kwa nini naweka mchezo wa mwaka 1971, wa polepole, usio na hata mteremko mmoja wa kutisha, kwenye nafasi ya pili. Sababu ni kwamba vyombo vyake ni vidogo, vinabeba watu wachache, na kila mwenye mtoto mdogo anautaka. Mchezo wa namna hiyo huwa na foleni ndefu siku nzima bila kujali umezeeka kiasi gani. Mama mkwe naye ataupanda bila wasiwasi.

Kabla hamjaondoka nyumbani, mpimeni huyo wa miaka 6. Treni ya vibete na Slinky Dog Dash ya Hollywood Studios zinataka mtoto awe na urefu wa sentimita 97. Space Mountain, na Avatar Flight of Passage ya Animal Kingdom, zinataka 112. Ni heri mjue mapema kuliko mtoto aje kuambiwa "hapana" mbele ya watu baada ya kuamshwa gizani. Akikosa urefu, kuna utaratibu wa kupokezana: mzazi mmoja anabaki na mtoto, mwingine anapanda, kisha wanabadilishana bila yule wa pili kurudi mwisho wa foleni. Nyinyi mnaye na bibi wa kukaa naye, kwa hiyo mna nafuu zaidi.

Umesema mtakwenda kwa gari. Kuegesha kwenye bustani na hotelini ni bure kwa wageni wa hoteli za Disney, lakini asubuhi ya Magic Kingdom nakuomba gari mliache hotelini. Maegesho ya Magic Kingdom hayako mlangoni. Unaegesha ng'ambo ya ziwa, unatembea hadi kituo, halafu unapanda monoreli, yaani treni ya reli moja, au kivuko kukufikisha langoni. Basi la hoteli linakushusha karibu kabisa na lango. Kwenye asubuhi ambayo dakika 15 zinaamua kila kitu, njia hiyo ya gari inaweza kukugharimu nusu saa yote uliyoilipia. Kwa bustani nyingine tatu gari halina shida.

Kwa nini ni nusu saa tu? Zamani mambo yalikuwa tofauti. Kulikuwa na mpango ulioitwa Extra Magic Hours, ambao asubuhi ulitoa saa nzima, lakini katika bustani moja iliyopangwa kwa siku hiyo. Ukisikiliza unaona ni bora zaidi. Matokeo yake ni kwamba wageni wa hoteli zote, maelfu kwa maelfu, walielekea bustani ileile moja, na kwa sababu walishaingia pale, wengi walibaki palepale mchana kutwa. Mtu alipata saa nzuri moja, akalipa kwa saa nane mbaya. Bustani zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya Korona, mpango ule ulisimama na haukurudi. Tarehe 1 Oktoba 2021, siku ambayo Walt Disney World ilitimiza miaka 50, ukaanza huu wa nusu saa kila siku kila mahali. Wapo wanaoulilia ule wa zamani. Mimi naona huu wa sasa ni wa haki zaidi, kwa sababu unamtawanya mtu badala ya kumrundika, na haukulazimishi kupanga safari yako kufuata kalenda yao.

Usiku ni habari nyingine, na nitakueleza kwa ukweli kwa sababu rafiki yako hajakosea alipousifu. Ni muda mzuri kweli. Hutolewa mara chache kwa wiki, kwa kawaida usiku mmoja EPCOT na usiku mmoja Magic Kingdom. Jumatatu na Jumatano ndizo zimezoeleka, ila tazama kalenda ya wiki yako kabla ya kupanga lolote. Wanaostahili ni wageni wa hoteli za daraja la Deluxe, kama Contemporary, Polynesian, Grand Floridian, Beach Club na wenzake, wale wa nyumba za Deluxe Villa, na hoteli chache zisizo za Disney zenyewe zilizomo ndani ya eneo lake: Swan, Dolphin, Swan Reserve, na Shades of Green ya familia za wanajeshi. Kwa kuwa wanaoruhusiwa ni kundi dogo, foleni hupungua hadi unaweza kushuka ukapanda tena.

Hata hivyo, saa ya kwanza haiko wazi kama wanavyoihadithia. Bustani ikifungwa, aliyekwisha kuingia kwenye foleni dakika moja kabla haondolewi, anasubiri hadi apande. Hivyo michezo mikubwa huanza muda wa ziada ikiwa bado inamalizia foleni ya umma. Anayeujua mchezo huanza na ile midogo, huiacha mikubwa hadi saa ya pili. Sasa piga hesabu: Julai bustani ikifungwa saa 4:00 usiku, muda wa ziada unaishia saa 6:00 usiku. Saa ya pili, ile tamu, inaanza saa 5:00. Mtoto wako wa miaka 6 aliyeamka saa 12:00 alfajiri, akapigwa na jua la Florida na mvua ya radi ya alasiri, atakuwa wapi saa hiyo? Begani kwa baba yake. Na ukimlaza mchana ili umpeleke usiku, kesho yake nusu saa ya asubuhi umeipoteza. Watu wazima peke yao, au familia yenye vijana wa sekondari, hao nawaambia lipeni bila kusita. Nyinyi hapana.

Ikiwa wewe na mume wako moyo umeupenda usiku, ipo njia isiyoumiza mfuko. Laleni hoteli ya kawaida siku zote, kisha usiku mmoja tu, ule unaoangukia siku ya muda wa ziada, hamieni Swan au Dolphin. Hoteli hizo ziko chini ya kampuni ya hoteli ya Marriott, kwa hiyo mwenye pointi za Marriott anaweza kuzitumia huko, na mtarudi kutoka EPCOT kwa miguu. Mama mkwe atabaki na wajukuu, nyinyi mtapata matembezi yenu. Ila kuhama hoteli na bibi na mabegi katikati ya likizo ni usumbufu, na sitakushawishi.

Usichanganye pia muda huu na sherehe za usiku zinazouzwa kwa tiketi yake. Magic Kingdom ina sherehe za Halloween na za Krismasi, na usiku wa sherehe bustani hufungwa saa 12:00 jioni kwa wenye tiketi za kawaida, hata kama wanalala hoteli ya ghali kuliko zote. Kuna na usiku wa Disney After Hours, nao ni wa kununua. Kulala hotelini hakukupi nafasi katika hizo. Mkiwa wa Julai, sherehe za Halloween zitakuwa hazijaanza, kwa hiyo hilo haliwagusi sana, lakini kama safari itasogea hadi Agosti au Septemba lifikirie.

Tuje kwenye hoteli, kwa sababu tatizo lenu la kweli liko hapa na hukuliuliza. Mko watano. Vyumba vya kawaida vya hoteli nafuu kama Pop Century na All-Star ni vya watu wanne, na kuchukua vyumba viwili kunaweza kuifuta nafuu yote mliyoifuata. Mahali pawili ningepaangalia kwanza. Port Orleans Riverside, ya daraja la kati, ina vyumba vya upande wa Alligator Bayou vinavyochukua watu watano, wa tano akilala kwenye kitanda kidogo cha kushusha ukutani, ambacho kitamtosha mdogo. La pili, ambalo nalipenda zaidi kwenu, ni vyumba vya familia vya Art of Animation: vinachukua watu sita, vina bafu mbili, na bibi anapata mlango wa kujifungia akitaka kuswali au kupumzika.

Art of Animation ina na Skyliner, vile vibanda vinavyopita angani kwenye waya, ambavyo vimekuwepo tangu 2019. Vinafika Hollywood Studios na EPCOT. Kwa EPCOT vinakushusha lango la nyuma, kati ya banda la Ufaransa na la Uingereza, ambalo asubuhi lina watu wachache kuliko lango kuu, na kutoka hapo mchezo wa panya mpishi, Remy's Ratatouille Adventure, uko jirani kabisa. Nendeni huko kwanza. Radi ikianza Skyliner husimamishwa, na Julai radi ni jambo la karibu kila alasiri, kwa hiyo kurudi mchana msikitegemee sana, mabasi yapo.

Najua utaniuliza kuhusu Animal Kingdom Lodge, kwa sababu kila Mswahili huniuliza. Majengo yake yanaitwa Jambo House na Kidani Village, migahawa yake Boma, Jiko na Sanaa, na vyumba vingine vinatazama mbuga yenye twiga na pundamilia. Ni Deluxe, kwa hiyo ina haki ya usiku. Lakini iko mbali na bustani tatu kati ya nne, usafiri wake ni mabasi tu, na huo usiku unatolewa EPCOT na Magic Kingdom, hautolewi kwenye bustani iliyo jirani yake. Ukiitaka, itake kwa twiga na kwa uzuri wa jengo lenyewe. Bila kulala pale, mnaweza kwenda kula Boma jioni moja, na wanyama mkawaona kabla giza halijaingia.

Kwenye bustani yenyewe ya Animal Kingdom, nusu saa ya asubuhi itumieni kwa Flight of Passage kama urefu wa mtoto unaruhusu. Kilimanjaro Safaris kwa kawaida haifunguliwi katika nusu saa hiyo, inangoja saa rasmi. Basi mkitoka Flight of Passage elekeeni huko moja kwa moja, wakati wanyama bado wanatembea kabla jua halijakaza. Mtapita mji wa kuigiza wa Harambe, uliobuniwa na timu ya Joe Rohde, mbunifu wa Disney, kwa kuutazama mji wa Lamu: kuta zilizobabuka chokaa, vibao na matangazo ya Kiswahili ukutani. Mpeni mama mkwe muda wa kuvisoma. Kuna wageni hupita pale mbio bila kujua wameandikiwa nini, na yeye atakuwa miongoni mwa wachache wanaoelewa.

Kuna faida moja ya kulala ndani ambayo kwa maoni yangu inaipita hata hiyo nusu saa. Ni haki ya kuweka mapema nafasi za njia ya haraka, Lightning Lane, ambazo hulipiwa. Mgeni wa hoteli za Disney anaruhusiwa kuweka nafasi siku 7 kabla ya siku ya kuwasili, kwa safari yake yote. Asiye mgeni ni siku 3 kabla ya kila siku ya bustani. Mfumo hufunguliwa saa 1:00 asubuhi kwa saa za Florida, ambazo ndizo saa zenu za Ohio. Ukiamua kuzinunua, usizipoteze kwa mchezo uliopanga kuupanda ile nusu saa ya asubuhi. Magic Kingdom, kwa mfano, Peter Pan mpande mapema kwa miguu yenu, na Lightning Lane ziwekwe kwa michezo iliyo upande wa pili wa bustani, ule usiofunguliwa asubuhi. Siku mbili tatu zikipangwa hivyo, hamtahisi mmekosa chochote cha usiku.

Kama bei za hoteli za Disney zikiwashinda, kuna hoteli kadhaa za makampuni mengine karibu na Disney Springs, eneo la maduka na migahawa la Disney, ambazo nazo hupewa nusu saa ya asubuhi. Haki yao hutolewa kwa kipindi na kuongezwa, haikusainiwa milele, hivyo kabla ya kulipa piga simu hotelini uulize kwa tarehe zako hasa. Na mkiwaza kuongeza siku moja Universal, kampuni nyingine yenye bustani za burudani hukohuko, hoteli zao nazo huruhusu wageni kuingia mapema, hadi saa nzima, katika bustani itakayotajwa kwa tarehe hiyo. Haki za hoteli ya Disney hazitambuliwi Universal wala kinyume chake.

Mwisho, mambo ya akaunti. Ukishaweka chumba, fungua programu ya My Disney Experience na uhakikishe watu wote watano wametajwa kwenye chumba hicho kwa majina yao, na kila jina limeunganishwa na tiketi yake. Mara nyingi mtu huandika jina lake na la mumewe tu, kisha asubuhi mashine inawapitisha wawili na kumzuia bibi, na hapo mnaanza kumtafuta mfanyakazi wa kutatua huku saa inakwenda. Jina la mama mkwe liandike kama lilivyo kwenye pasipoti yake. Na jueni kwamba haki inaanza asubuhi ya siku mnayowasili, hata kama chumba hakijawa tayari, na inaendelea hadi asubuhi ya siku mnayoondoka. Lakini nyinyi mnatoka Ohio kwa gari, mwendo wa zaidi ya saa 13 barabarani. Siku ya kwanza fikeni, ogeni, mlale. Ile asubuhi ya kuondoka ndiyo ya kuitumia: mabegi muyaache kwenye gari tangu usiku, nusu saa yenu muipate, na kabla ya saa 6 mchana muwe mmeshika njia ya kaskazini.